Si 6,500, na Si Viwanjani

Juzi tena, redioni. Kijana mmoja mchambuzi wa soka anasema watu 6,500 walikufa wakijenga viwanja vya Qatar, na mtangazaji anaitikia "jamani!" Nikazima redio.

Namba hiyo ilitoka kwenye gazeti la Guardian la Uingereza, Februari 2021. Ni hesabu ya wahamiaji wa India, Pakistan, Nepal, Bangladesh na Sri Lanka waliofia Qatar tangu nchi hiyo ipewe Kombe la Dunia mwaka 2010. Wote: wa mjengo, madereva, wapishi, waliougua, waliogongwa na magari. Viwanja tumevitia sisi. Nami nimo, niliwahi kuiandika kwenye bango la semina kwa herufi nyekundu, na hakuna aliyeniuliza swali.

Halafu Wakenya hawamo humo kabisa. Yule mlinzi wetu aliyeanguka Uwanja wa Lusail akafa, Desemba 2022, kombe likiendelea, hayumo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ukisema "6,500 viwanjani" umempa mwandalizi wa kombe jibu la bure. Anatoa karatasi yake: kwenye viwanja, vifo vya kazini 3, vingine 37 "havihusiani na kazi". Umeumbuka, mjadala umekwisha. Na hao 37 ndio uliopaswa kumbana nao!

Maana kazi yangu iko hapo, kwenye cheti cha kifo. Mama mmoja wa Kilifi alinitandazia mezani cha mwanawe, miaka 27. Sababu: moyo kusimama, kifo cha kawaida. Sasa nani amewahi kufa moyo ukiendelea kudunda? Maiti haikupasuliwa, wala hakuna aliyeuliza kijana alikuwa akishinda juani saa ngapi. Na hilo neno "kawaida" lina bei yake: kifo cha kawaida si cha kazini, na kisicho cha kazini hakina fidia. Mama alipokea jeneza na begi. Ndani ya begi mlikuwa na chaja mbili na risiti za pesa alizokuwa akimtumia.

Mabadiliko yalikuwepo, nisiwe mnafiki. Mwaka 2020 ruhusa ya kafili, yaani mwajiri anayekudhamini, ya kuhama kazi iliondolewa. Machi 2021 kima cha chini cha mshahara kikawa riyali 1,000 kwa mwezi. Saa za kazi za juani wakati wa joto zikapunguzwa. Bila kombe sidhani tungeyaona. Hivyo ndivyo ninavyosema mikutanoni, kwa sauti ya kujiamini.

Usiku sijiamini hivyo. FIFA iliingiza haki za binadamu kwenye katiba yake mwaka 2016, na tarehe 11 Desemba 2024 ikawapa Saudi Arabia kombe la 2034 kwa makofi, bila mpinzani. Masharti ya wafanyakazi ya waandalizi kule Qatar yalihusu miradi ya kombe tu. Dada zetu walioko Riyadh na Jeddah wanapika na kulea watoto majumbani. Kanuni ya uwanja itaingiaje jikoni? Sina jibu, na wenzangu wanaojifanya wanalo hawajanishawishi.

Yule mama wa Kilifi ana binti. Wiki iliyopita ameniletea mkataba wa Jeddah nimsomee. Nimeupekua mara mbili nikitafuta kipengele cha fidia, sikukiona. Nimemwambia wasubiri kwanza. Ajenti amemwambia ndege ni Alhamisi.