Diwani Husomwa kwa Mdomo

Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya mashairi, vya watoto na vya watu wazima, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: diwani, yaani kitabu cha mashairi, husomwaje? Mara nyingi anayeuliza amekipata kitabu kwa hamu kubwa, akakianza ukurasa wa kwanza kama riwaya, na kabla hajafika katikati hamu ikamwisha. Si kwamba ushairi umemshinda. Amemeza mashairi mengi kwa mkupuo mmoja, tena kwa macho matupu.

Soma kwa sauti, soma machache, kisha yarudie. Ushauri huu ninampa mzazi mwenye mtoto mapajani, na ninampa pia mtu mzima anayesoma peke yake usiku.

Sauti ninaitanguliza kwa sababu shairi la arudhi, lile linalofuata kanuni za vina na mizani, limepimwa kwa pumzi. Mshororo uliozoeleka una mizani, yaani silabi, 16: 8 za ukwapi, nusu ya kwanza, na 8 za utao, nusu ya pili, na pale katikati, kina cha kati kinapodondoka, ndipo msomaji anapovuta pumzi. Macho hayapumui. Yanakimbilia mwisho wa mshororo kutafuta maana, na yakifika huko yameshairuka nusu ya kazi ya mtunzi. Mdomo hauwezi kuruka silabi. Ukiiruka, sikio linajua papo hapo kwamba kuna kitu kimepungua.

Tuchukue ubeti mmoja tuuone kwa karibu. Nimeutunga mwenyewe kwa ajili ya maelezo haya, kwa umbo la utenzi, ambao mshororo wake una mizani 8 tu:

Kivuli changu rafiki,
Niendako habanduki,
Nikimwita haitiki,
Kukiwa giza hayupo.

Usome kwa sauti mara mbili. Mishororo mitatu ya mwanzo inaishia kwa -ki, na hadi wa tatu sikio limeshazoea, linangoja -ki nyingine. Halafu linakuja neno "hayupo", na kina nacho hakipo. Kutoweka kwa kivuli kunasikika kabla hakujaeleweka. Mtoto wa miaka mitano au sita hucheka hapo, kwa kuwa kwake huu ni mchezo wa kufumba na kufumbua: ni nani huyu anayenifuata, haongei, na taa ikizimwa anapotea? Mtu mzima akifika kwenye mshororo huohuo wa nne hukumbuka rafiki aliyekuwa naye wakati wa mwangaza tu. Ni mizani 32 zilezile, na hakuna hata neno moja lililobadilishwa kwa ajili ya mkubwa au mdogo.

Ndiyo maana siuamini sana ukuta unaojengwa kati ya diwani za watoto na za wakubwa. Mshairi Mwana Kupona alipotunga utenzi wake mwaka 1858, msikilizaji aliyemkusudia alikuwa binti yake. Watu wazima wanausoma na kuujadili hadi leo. Shairi la mtoto lililotungwa vizuri halimchoshi mzazi anayelisoma kwa mara ya ishirini, na hicho ni kipimo kizuri, kwa kuwa mtoto akilipenda, hiyo mara ya ishirini itafika tu.

Akiomba lilelile tena, mpe lilelile. Wazazi wengi hupata wasiwasi hapo, huona kitabu hakisongi mbele. Lakini kurudia ndiko kusoma kwenyewe. Mara ya kwanza mtoto hupata mdundo. Baadaye huanza kukupokea kwenye kibwagizo. Siku moja utamsikia anaghani ubeti mzima akiwa anacheza, bila kutumwa na mtu. Kinachoua raha hii ni kumaliza shairi na hapohapo kuuliza, "Haya, tumejifunza nini?" Mtoto akishajua kwamba kila shairi lina mtihani nyuma yake, anaacha kusikiliza sauti na kuanza kuwinda jibu. Kama lazima uulize, muulize ni neno gani limemfurahisha mdomoni. Picha nazo zingoje kidogo. Soma kwanza huku umefunika ukurasa kwa kiganja, aone kwa akili yake, ndipo umfunulie alichokiona mchoraji.

Maneno magumu yasikutishe. Mtoto huvumilia neno asilolijua mradi mdundo umembeba; sisi wakubwa ndio tunaokwama, katikati ya ubeti tukakimbilia sherehe, ile orodha ya maana za maneno mwishoni mwa kitabu. Maliza ubeti kwanza. Mara nyingi jirani zake neno hilo watakuwa wameshakueleza.

Kwa mtu mzima nina jambo jingine, linalotoka moja kwa moja mezani kwangu. Mpangilio wa diwani si wa bahati nasibu. Mhariri na mshairi huweza kubishana kwa muda mrefu kuhusu shairi lipi lifungue kitabu na lipi likifunge, na kuhusu mashairi yatakayotazamana, moja ukurasa wa kushoto, jingine wa kulia. Shairi la msiba likikaa mkabala na la harusi, kuna neno linalosemwa pale ambalo halimo katika lolote kati ya hayo mawili. Kwa hiyo ukikipata kitabu, soma la kwanza na la mwisho, kisha fungua popote na usome kurasa mbili zinazotazamana. Mawili au matatu kwa siku yanatosha. Lisilokuingia liwekee alama ya penseli uliache. Lina siku yake.

Dibaji mimi huisoma mwisho, nisije nikayasoma mashairi kwa miwani ya mtu mwingine. Kuna vitabu vinavyodai kinyume chake. Anayefungua Sauti ya Dhiki ya mshairi Mkenya Abdilatif Abdalla, iliyochapishwa mwaka 1973, anastahili kujua tangu mwanzo kwamba mashairi yale yalitungwa gerezani, kati ya mwaka 1969 na 1972. Ukilijua hilo, vina vilivyonyooka na mizani isiyotetereka vinakuwa ushahidi wa mtu aliyekataa kuvunjika.

Mashairi huru nayo yana mdomo wake. Mwandishi Mtanzania Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, ubishi ulikuwa mkali kama maandishi yasiyo na vina yanastahili kuitwa mashairi. Msomaji wa leo hahitaji kuumaliza ubishi ule ili afaidi. Anahitaji kuheshimu mahali mshororo ulipokatwa: nyamaza kidogo pale, hata kama sentensi haijaisha. Ukisoma kwa kuunganisha, umeligeuza shairi kuwa aya, kisha utamlaumu mshairi. Vijana waliochoshwa na kuhesabu mizani darasani mara nyingi huingilia mlango huu, na wengi wao baadaye huyarudia ya arudhi kwa hiari yao.

Ukichagua diwani ya mtoto, usidanganywe na jalada. Fungua katikati, soma ubeti mmoja kwa sauti palepale ulipo. Kama maneno yamepinduliwa kinyume na yanavyosemwa ili tu kina kipatikane, au ubeti wa mwisho umebandikwa wosia kuhusu utiifu na usafi ambao shairi halikuuomba, kirudishe. Mtunzi wa aina hiyo amemwandikia mzazi anayenunua, akamsahau mtoto. Tafuta kile ambacho ubeti wake, ukishausoma, unakuvuta uusome wa pili kabla hujaamua kama utakichukua.