Je, Wajua Kwa Nini Baiskeli Haianguki Ikiwa Mwendoni, na Jibu Lake Linamfaaje Anayechagua Baiskeli ya Mbio?

Mtoto anayesimamisha ufagio juu ya kiganja hugundua upesi kwamba ufagio hausimami mkono ukitulia. Ukiinama kulia, hana budi kuupeleka mkono kulia, chini ya uzito unaoanguka. Ukiinama kushoto, naye huufuata kushoto. Baiskeli iliyo mwendoni husimama kwa njia hiyohiyo. Inapolala kidogo upande mmoja, gurudumu la mbele hugeuzwa kuelekea upande uleule, matairi yakasogea hadi chini ya mwili wa mwendeshaji, na anguko lililokuwa limeanza likakatika. Kazi hii hurudiwa mfululizo safari nzima, kwa miondoko midogo mno hata mwendeshaji mzoefu hatambui kwamba mikono yake inafanya lolote.

Wengi wamezoea kueleza kwamba kinachoisimamisha baiskeli ni mzunguko wa magurudumu, kama vile pia ya kuchezea watoto inavyosimama inapozunguka. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1970, mwanasayansi Mwingereza David Jones alieleza jinsi alivyofunga kwenye baiskeli gurudumu la ziada lililozunguka kinyume, ili nguvu ya mzunguko ifutike, na bado akaweza kuiendesha. Mwaka 2011 watafiti kutoka vyuo vikuu vya Cornell, Marekani, na Delft, Uholanzi, walionyesha baiskeli ndogo isiyo na mpandaji ambayo haikutegemea nguvu hiyo, wala ule mpangilio wa foku, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, unaofanya gurudumu la mbele lijivute lenyewe nyuma ya mhimili wa usukani. Ilipopewa mwendo wa kutosha, ilijisimamisha yenyewe, kwa sababu uzito wa sehemu yake ya mbele ulipangwa kwa namna ambayo baiskeli ikianza kulala, usukani nao hugeuka kuelekea upande wa anguko. Uhuru wa usukani, basi, ndio kiini cha jambo. Ukifungwa usigeuke hata kidogo, bingwa naye ataanguka.

Kutokana na hilo tunaelewa pia kwa nini mwendo wa kinyonga ni mgumu kuliko mwendo wa wastani. Usukani ukigeuzwa kiasi kilekile, baiskeli yenye kasi husogea upande upesi, ilhali ile inayojikokota huhitaji kugeuzwa sana na mara nyingi ndipo iwahi kuokoka. Anayeanza huenda polepole kwa hofu, na bila kujua huwa amejichagulia sehemu ngumu kuliko zote.

Sasa tuitazame baiskeli ya mbio, yenye matairi membamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Umbo lake humwinamisha mwendeshaji mbele, na sehemu ya uzito wake huishia mikononi. Fremu ikiwa ndefu kupita kiasi, mikono hunyooka, viwiko hukaza, na mwili wote huuegemea usukani, hata kila mtikisiko wa mabega ukawa msukumo usiotakiwa kwenye gurudumu la mbele. Mikono iliyobeba mwili haiwezi tena kufanya ile kazi ndogo ya kukamata anguko. Kwa sababu hiyo naamini kwamba kipimo cha fremu kinapaswa kutangulia mambo mengine yote dukani: kabla ya wepesi wa baiskeli, kabla ya idadi ya gia, na kabla ya jina lililoandikwa kwenye bomba.

Kwanza, simama ukiwa umeweka miguu huku na huku ya bomba la juu la fremu, nyayo zote zikiwa chini. Inafaa pabaki nafasi ya sentimita chache kati ya bomba na mwili. Kisha rekebisha kiti. Kanuni moja inayotumiwa sana huzidisha urefu wa mguu kwa ndani, kutoka msambani hadi sakafuni, kwa 0.883, ili kupata umbali kati ya katikati ya ekseli iliyo chini ya fremu, inayozungushwa na mikono ya pedali, na sehemu ya juu ya kiti. Mwenye mguu wa sentimita 80 hupata takriban sentimita 70.6. Mwishowe kaa, mtu akikushikilia baiskeli, na ushike vishikio vya breki. Viwiko vikijikunja kidogo bila kulazimishwa, na ukaweza kunyanyua vidole vyote kwa muda mfupi bila kifua kuporomoka, baiskeli hiyo inakufaa. Shingo ya usukani, yaani kipande kinachouunganisha na fremu, inaweza kubadilishwa ikafupishwa kwa sentimita moja au mbili, lakini fremu iliyozidi kwa vipimo viwili haina fundi. Nasisitiza hili hasa kwa wanunuzi wa mtumba, kwa kuwa bei nzuri humfanya mtu ajipunje mwenyewe kwa kununua fremu iliyokusudiwa mtu mrefu kuliko yeye.

Matairi ya upana wa milimita 28 au 32, iwapo fremu ina nafasi ya kuyapokea, yanamfaa anayeanza kuliko yale ya milimita 23 yaliyotawala zamani, kwa maana hujazwa upepo kwa shinikizo dogo zaidi na humeza mitikisiko ya lami mbovu kabla haijafika mikononi. Kuhusu gia, hesabu meno. Gia ya mbele yenye meno 34 ikilinganishwa na ya nyuma yenye meno 34, gurudumu huzunguka mara moja kwa kila mzunguko wa pedali, yaani kama mita 2.1. Meno 39 mbele na 23 nyuma, mpangilio ulio kwenye baiskeli nyingi za zamani, husogeza baiskeli zaidi ya mita 3.5, mzigo mzito kwa atakayepanda vilima kama vya Kigali, mji ulioandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani mwezi Septemba 2025. Uliza pia breki ipi ni ya mbele: kwenye baiskeli nyingi zilizotoka Marekani huwa mkono wa kushoto, na nyingi za Uingereza mkono wa kulia.

Asiyejua kabisa kuendesha aanze bila pedali. Mashine ya Karl von Drais, iliyotembezwa Mannheim, Ujerumani, mwaka 1817, haikuwa na pedali pia. Mpandaji alisukuma ardhi kwa miguu, na hapo ndipo ilipodhihirika kwamba magurudumu mawili yaliyofuatana yanaweza kumbeba mtu. Fungua pedali zote mbili, ukikumbuka kwamba ya kushoto ina nyuzi za kinyume na hufunguliwa kwa kuzungusha spana jinsi mishale ya saa inavyokwenda. Teremsha kiti hadi nyayo zilale chini, tafuta uwanja mgumu wenye mteremko mdogo, kisha sukuma kwa miguu na uiache baiskeli itiririke. Tazama mbele, mita kumi na zaidi, wala si gurudumu, maana mikono hufuata macho. Shika vishikio vya breki tangu siku ya kwanza, ili vidole visitafute breki wakati wa dharura.

Ukiweza kutiririka kwa muda bila mguu kugusa chini, rudisha pedali, na uchague gia nyepesi ili usilazimike kuvuta usukani kwa kila mkanyago. Kiti kipandishe sentimita moja moja kwa siku kadhaa, hadi kifikie kipimo chake. Kikifika hapo nyayo hazitagusa chini ukiwa umekaa, na kusimama kutakuwa na utaratibu wake: punguza mwendo, simama juu ya pedali iliyo chini, sogea mbele utoke kwenye kiti, kisha teremsha mguu wa pili baiskeli inapotulia.