Arosto Kwisha Siyo Kupona

Wiki hii nimeambiwa tena: "Daktari, arosto imeisha, kijana kanenepa, sasa mtoe kwenye methadoni." Mama aliyesema hivyo alikuwa na furaha ya kweli. Nilishindwa kumjibu vizuri pale foleni ya methadoni, dawa ya kunywa tunayowapa waraibu wa unga (heroini), basi naandika.

Arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa kilevi ulichokizoea, kwa unga huanza kama saa 6 hadi 12 tangu dozi ya mwisho: miayo, makamasi, vinyweleo kusimama, tumbo kukata, mifupa kuuma. Siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele, na baada ya wiki moja hivi mengi yamepita. Inatesa, ila ni nadra kuua. Ya pombe ndiyo yenye kuua kwa degedege, kwa hiyo mlevi wa miaka msimfungie chumbani mkidhani mnamtibu.

Kinachonichosha ni hili la "amepona". Mwili uliozoea unga hubeba kiasi ambacho kingemuua mtu mwingine. Akikaa wiki chache bila kugusa, uwezo ule wa kubeba unaondoka, lakini hamu inabaki. Siku akirudi maskani anatumia kipimo chake cha zamani. Pumzi inapungua, midomo inageuka rangi, na wenzake wanadhani amelala. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia waliotoka magerezani jimbo la Washington: katika wiki 2 za kwanza, hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dozi ilikuwa mara 129 ya wakazi wengine. Mara 129! Wengi wao arosto walikwisha kuisahau.

Mtu akitolewa methadoni ghafla anaingia kwenye hatari hiyohiyo. Halafu naambiwa ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Unga humpandisha na kumshusha mtu mara kadhaa kwa siku, na kila akishuka anatafuta hela. Methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima. Anakunywa kikombe chake mbele ya muuguzi, anaombwa aseme neno tujue amemeza, anakwenda kazini.

Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 64 duniani walikuwa na matatizo yatokanayo na dawa za kulevya, na aliyepata matibabu ni kama mmoja kati ya 11. Nafasi hiyo ndiyo tunaombwa tuifute.

Nikiri jambo. Lini mtu aanze kupunguziwa dozi, sina uhakika ule ninaouonyesha mbele ya ndugu. Wapo walioshuka taratibu kwa zaidi ya mwaka wakatoka salama. Wapo waliokuwa na kila dalili njema, na mwezi haukuisha. Kijana mmoja nilimkubalia mapema kwa sababu familia ilinibana, na hadi leo namkumbuka.

Mama wa wiki hii nimemwomba arudi Jumatatu tukae watatu. Muda wote tukibishana, mwanawe alikuwa amesimama pembeni na kikombe kitupu mkononi, na hakuna kati yetu aliyemuuliza yeye anajisikiaje.