Kotanjenti haipatikani kwa kitufe cha tan⁻¹

Wanafunzi wengi wanaamini kwamba kitufe cha tan⁻¹ kwenye kikokotoo ndicho kotanjenti (cot), yaani 1/tan. Sicho. Kosa linaeleweka: 5⁻¹ ni 1/5, basi mtu anadhani tan⁻¹ ni 1/tan. Lakini hapo ile −1 ina maana ya kurudi nyuma: unaingiza uwiano, unapewa pembe. Kotanjenti haifanyi hivyo: unaingiza pembe ya pembetatu mraba, unapata uwiano wa upande wa jirani kwa upande unaotazamana na pembe.

Chukua mlingoti wa mashua wenye urefu wa mita 6, umesimama wima kwenye mchanga wa mwalo wa Kirumba, Mwanza. Ukiweka jicho chini usawa wa kitako chake, ncha inaonekana kwa pembe ya 35°. Uko umbali gani? Ni 6 × cot 35°. Bonyeza tan 35, kisha =, utaona 0.7002. Sasa bonyeza x⁻¹ na =: 1.428. Zidisha kwa 6, ni mita 8.57. Aliyebonyeza tan⁻¹ 35 anapata 88.36, na umbali wa mita 530! Hiyo 88.36 ni digrii, wala si uwiano.

Ukipata 2.11 badala ya 1.428, kikokotoo kiko kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe. Kirudishe kwenye digrii. Kuhakiki ni rahisi: tan 55° nayo ni 1.428, kwa sababu 35 na 55 zinajumlika kuwa 90.

Kwa 90° kikokotoo kitagoma, maana tan 90° haipo. Tumia cos ÷ sin: 0 ÷ 1 = 0.