Je, wajua? Hesabu inayofanywa na kompyuta yako ina mwenzake wa kuihakiki

Korosho zenyewe hazikuwa nyingi, debe moja tu la kula nyumbani, nami nilikuwa nimekaa uwani kwangu Chikongola, Mtwara, nikizibangua. Mpwa wangu akaja kunisaidia. Alikuwa hajavuta hata kigoda aliposikia feni ya kompyuta ikivuma chumbani ilhali ndani hamna mtu. Akachungulia, akarudi.

"Mjomba, ile kompyuta inafanya kazi ya nani?"

Nikamwambia ni kazi ya wanasayansi wanaotafuta nyota. Nimejitolea. Wakati siitumii, inachukua hesabu kupitia intaneti, inazifanya, kisha inarudisha majibu. Silipwi chochote. Akabangua korosho mbili tatu kimya, halafu akauliza swali ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulifikiria:

"Sasa wao wako mbali huko na wewe hawakujui. Wanajuaje kama majibu uliyopeleka ni ya kweli?"

Mtoto wa Mtwara lazima aulize hivyo. Amekua akiona kila gunia linawekwa kwenye mizani likiingia ghalani na linawekwa tena likitoka, na kila kilo inaandikwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi nikaanzia hapo hapo kwenye korosho.

Ukimpa jirani kilo 20 za korosho ghafi akubangulie, unajua takriban utapata nini, kwa sababu kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa kilo moja hivi iliyobanguliwa. Akikuletea kilo mbili, kuna maswali. Akikuletea kilo nne, roho inatulia. Lakini mizani haiwezi kukuambia zaidi ya hapo. Huwezi kuchukua gunia lile lile ukampa jirani wa pili alibangue upya ili ulinganishe, maana korosho ikishabanguliwa imebanguliwa.

Hesabu ni mali ya namna nyingine. Fungu moja la data unaweza kulitoa nakala, ukawapa watu wawili wasiojuana, kila mmoja akabangua kwake, kisha ukaweka majibu yao kando kwa kando. Kwenye tofauti hiyo ndogo ndipo miradi yote ya kompyuta za kujitolea iliposimama.

Mradi uliowafanya watu wengi duniani wajue jambo hili ni SETI@home wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliofunguliwa tarehe 17 Mei 1999. Ulichukua mawimbi ya redio yaliyonaswa na darubini kubwa ya Arecibo, Puerto Rico, ukatafuta ndani yake dalili za viumbe wenye akili walioko mbali. Rekodi zilikatwakatwa vipande vya sekunde 107, kila kipande kikiwa na ukubwa wa kilobaiti 340 hivi. Sifa ya ukataji huo ni kwamba kila kipande kinajitegemea: anayefanya cha kwanza hahitaji kumsubiri anayefanya cha pili. Kazi isiyokatika namna hiyo ni vigumu mno kuigawa kwa watu waliotawanyika. Hadi ulipoacha kugawa kazi, tarehe 31 Machi 2020, watu zaidi ya milioni tano walikuwa wamewahi kujiunga.

Na katika watu wengi kiasi hicho hawakosekani wajanja. Mradi ulitoa alama kwa kila fungu lililorudishwa, na majina yakapangwa kwa alama. Wapo walioichezea programu ili alama zipande, hesabu zenyewe zikabaki nyuma. Lakini kwa maoni yangu hao si tatizo kubwa kama kompyuta ya mtu mwaminifu yenye kumbukumbu mbovu au inayochemka kwa joto. Mwenye kudanganya anajua amedanganya. Kompyuta mbovu inakupa jibu la uongo kwa uaminifu wote, na mwenyewe hana habari.

Ndiyo maana David Anderson na wenzake huko Berkeley, walipoanza kutengeneza BOINC mwaka 2002, programu ambayo miradi mingi ya namna hii huitumia, waliijenga kwa kuchukulia kwamba jibu lolote linaweza kuwa baya.

Mpango wenyewe unakwenda hivi. Seva ya mradi, yaani kompyuta kuu inayogawa kazi, haiji kubisha hodi. Kompyuta ya nyumbani ndiyo inayopiga simu, na inajieleza: nina prosesa ya aina hii, kumbukumbu kiasi hiki, nafasi ya diski kiasi hiki, kwa kawaida huwa nawashwa saa kadhaa kwa siku, na kazi niliyobaki nayo ni kiasi fulani. Seva inapiga hesabu na kutoa mafungu yanayolingana na uwezo huo. Inachoangalia ni kama utaweza kumaliza kabla ya tarehe ya mwisho, maana kila fungu lina tarehe yake. Likipita bila kurudi, seva hailalamiki wala haikutafuti. Inatoa nakala nyingine, inampa mtu mwingine.

Fungu likitoka huwa na akidi yake. Tumelizoea neno hili kwenye mikutano ya ushirika: wajumbe wasipotimia, hakuna uamuzi. Miradi mingi huweka akidi ya wawili. Majibu mawili yakirudi na kukubaliana, moja linaandikwa kuwa jibu rasmi na wote wawili wanapata alama. Yakipingana, hakuna anayeaminiwa. Inatolewa nakala ya tatu, na ikibidi ya nne, hadi wawili wapatane. Fungu likileta makosa mfululizo linawekwa kando, kwa sababu pengine kasoro iko kwenye fungu lenyewe. Zaidi ya hayo, seva huweza kuzuia nakala mbili za fungu moja zisiende kwa mtu mmoja, hata awe na kompyuta kumi, asije akajihakiki mwenyewe.

"Na wote wawili wakikosea?" mpwa akauliza.

Wanaweza. Ila jibu sahihi ni moja, na njia za kukosea hazina idadi. Kumbukumbu mbovu ya kompyuta ya Lindi na joto la kompyuta ya Lima kule Peru haziwezi kirahisi kuzaa tarakimu zile zile za uongo.

Hapo nikamsimulia kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mradi wa Einstein@Home ulianza mwaka 2005, na kazi yake mojawapo ni kutafuta palsa: nyota iliyokufa, iliyobanana sana, inayojizungusha na kurusha miali ya redio kama mnara wa taa unaoongoza meli. Mwezi Agosti 2010 ikatangazwa kwamba kompyuta za watu waliojitolea zimegundua palsa mpya, PSR J2007+2722, inayozunguka karibu mara 41 kwa sekunde, ndani ya data zilizorekodiwa Arecibo mwaka 2007. Waliopewa heshima ya ugunduzi ni mume na mke wa Ames, jimbo la Iowa, Marekani, pamoja na mtu mmoja wa Mainz, Ujerumani. Kwa nini pande mbili, tena katika mabara mawili? Kwa sababu fungu lenye palsa ile lilikuwa limetolewa nakala mbili kwa ajili ya uhakiki, na kompyuta zote mbili ziliiona. Ukaguzi uleule ndio uliozaa wagunduzi wa pande mbili. Kila nikikumbuka hilo nafurahi.

Mpwa hakutaka kuamini kwamba hata sisi wa huku, umeme wetu ukiwa na mambo yake, tunaweza kuwemo. Tunaweza. Programu huandika kwenye diski kila baada ya muda mahali ilipofikia. Mwaka jana umeme ulikatika fungu likiwa limeshafanyiwa kazi saa tisa. Uliporudi alfajiri, hesabu iliendelea kutoka dakika chache kabla ya giza. Mara nyingine bando liliniishia wiki nzima na tarehe ikapita. Fungu langu likawa tayari limepewa mwingine. Nilipolirudisha bado lilipokelewa likalinganishwa, kwa kuwa rekodi zake zilikuwa hazijafutwa kwenye seva. Hakuna aliyenikaripia.

Sasa kuna jambo lililonisumbua mimi binafsi nilipoanza kusoma habari hizi. Nilidhani kompyuta mbili nzima zikifanya hesabu moja zitatoa jibu moja, basi. Sivyo. Gawa moja kwa tatu: tarakimu haziishi, lazima ukate mahali. Prosesa na programu tofauti hukata kwa namna zinazotofautiana kidogo, kwenye tarakimu za mwisho kabisa. Kwa hesabu fupi tofauti hiyo haina madhara, na mradi huruhusu majibu yapishane kwa kiasi kilichowekwa. Lakini zipo hesabu ambazo kosa dogo la mwanzo hukua. LHC@home, mradi wa kituo cha utafiti wa nyuklia cha CERN, ulikuwa ukifuatilia chembe zinazozunguka ndani ya bomba la duara, mzunguko baada ya mzunguko, hadi mara milioni. Kufika huko, tofauti iliyoanza kama unywele imeshageuka shimo: kompyuta moja inasema chembe imesalimika, nyingine inasema imegonga ukuta, na zote mbili hazina ubovu.

Dawa zimekuwa mbili. Moja ni kuhakikisha nakala zote za fungu zinakwenda kwa kompyuta za aina moja, prosesa na mfumo endeshi vikifanana, ili hata ukataji wake ufanane. Ya pili ni ngumu zaidi, na ndiyo waliyoichagua wale wa CERN: walitumia maktaba ya kanuni za hesabu iliyotengenezwa Lyon, Ufaransa, inayokata tarakimu kwa usahihi ule ule kwenye kila prosesa. Hapo majibu hulinganishwa tarakimu kwa tarakimu.

Kuna mradi mwingine ulionigusa kwa sababu ya mahali tunapoishi. Katikati ya miaka ya 2000 Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, iliyoko Basel, ilianzisha MalariaControl.net. Kompyuta za waliojitolea ziliigiza maisha ya watu wa kubuni ndani ya programu: wanang'atwa, wanaugua, wanapona, wanagawiwa vyandarua, ili kupima ni hatua gani zingepunguza malaria na kwa kiasi gani. Mtu wa Mtwara au Lindi hahitaji kuelezwa umuhimu wa swali hilo.

Lakini maigizo hayo yanategemea bahati nasibu. Nani ang'atwe leo? Programu inarusha kete. Sasa kompyuta mbili zikirusha kete kila moja kwake, zitapatanaje? Jibu lake ni zuri. Kete za kompyuta si kete kamili. Ni mlolongo mrefu wa namba unaoonekana kuvurugika lakini wote umeota kutoka namba moja ya kuanzia, na wataalamu huiita mbegu. Mbegu inatumwa pamoja na fungu. Kompyuta mbili zikipanda mbegu moja, zitavuna kete zile zile, kwa mpangilio ule ule, na majibu yatalinganishika.

Ubaya wa njia hii yote ni gharama. Akidi ya wawili maana yake nusu ya nguvu yote iliyotolewa sadaka inatumika kurudia kazi. Nusu! Kwa hiyo BOINC ina utaratibu wa kujenga uaminifu polepole. Kompyuta mpya hukaguliwa kila fungu. Ikirudisha majibu sahihi mfululizo bila kukosea, seva huanza kuyapokea mengine bila mwenzake, huku ikiendelea kushtukiza mara moja moja. Kadiri rekodi inavyokuwa ndefu ndivyo ukaguzi unavyopungua, ila haufiki sifuri. Ikikosea, inarudi mwanzo wa mstari.

Walioenda mbali zaidi ni GIMPS, mradi wa tangu mwaka 1996 unaotafuta namba tasa kubwa kupita zote. Ndio waliotangaza mwezi Oktoba 2024 namba tasa yenye tarakimu 41,024,320. Jaribio moja kwao linaweza kuchukua siku au wiki, na kwa miaka mingi kila jaribio lilirudiwa na mtu wa pili, akianzia mahali pengine pa hesabu ili kasoro ya programu isijirudie sawasawa. Kuanzia mwaka 2020 wanatumia kitu tofauti: kompyuta inapofanya kazi inahifadhi vituo vya katikati ya safari, na mwisho inatengeneza uthibitisho. Mkaguzi akiupata, anahitaji chini ya asilimia moja ya kazi ya awali kujua kama safari nzima ilifanywa kweli. Hajaribu kurudia njia. Ni kama kungekuwa na mizani ambayo ukiweka gunia inakuambia kama kila korosho ndani yake ilibanguliwa kweli.

Na sisi tunaotoa kompyuta tunaaminije? Programu inayoshuka kwangu huwa imetiwa sahihi ya kidijitali, alama inayoonyesha imetoka kwa nani, na mradi makini huuweka ufunguo wa siri wa kutilia sahihi hiyo kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti. Mtu akiivamia seva yao, bado hawezi kunitumia programu yake akaipitisha kuwa yao. Hata hivyo, naishauri kila nyumba ijiunge na miradi inayoendeshwa na vyuo na taasisi zinazojulikana tu.

Korosho zilipoisha tuliingia chumbani kutazama. Fungu la jana lilikuwa limekamilika na kupokelewa, ila mbele yake pameandikwa kwamba linasubiri uhakiki. Mwenzake alikuwa bado hajarudisha.

"Ni nani huyo, Mjomba?"

Simjui. Ninachoona ni namba ya kompyuta yake na tarehe yake ya mwisho, Ijumaa.