Antigone hakuwa akidai uhuru wa dhamiri

Wengi huisimulia Antigone, tamthilia ya Mgiriki Sophocles ya karibu mwaka 441 KK, kama kisa cha binti mwenye dhamiri safi dhidi ya dikteta: Antigone anamzika kaka yake Polynices ingawa mfalme Creon amekataza. Si hivyo hasa. Polynices alikuwa ameleta jeshi la kigeni kuushambulia Thebes, mji wao wenyewe, akauawa vitani. Hata Athens, walikokuwa watazamaji, sheria ilikataza msaliti kuzikwa katika ardhi ya mji huo. Kwa hiyo amri ya mfalme Creon haikusikika kama wazimu tangu mwanzo. Alipopitiliza ni kuuacha mwili uliwe na mbwa na ndege, na kumtishia kifo yeyote atakayeufukia.

Naye Antigone hadai kwamba nafsi yake inamsuta. Anataja sheria za miungu zisizoandikwa, na wajibu wa damu. Tena anatamka neno gumu: asingeivunja amri hiyo kwa ajili ya mume wala mtoto, maana hao hupatikana wengine; kaka, wazazi wakishafariki, hapatikani tena. Mtetezi wa haki za kila mtu angesema hivyo? Goethe, mwandishi wa Kijerumani, alikerwa na mistari hiyo kiasi cha kutamani mtaalamu athibitishe kuwa si ya Sophocles.