Mamba anaijua saa unayokuja kuteka maji

Alfajiri, kabla kivuko hakijachangamka, shuka hadi ukingoni uangalie tope. Ukikuta mfereji laini umetoka majini ukaelekea kwenye nyasi, mpana kama vile mtu ameburuta gunia la mpunga, na kando zake kuna alama za kucha, hapo amepita mamba. Mfereji ni wa tumbo na mkia, kucha ni za miguu. Tope likiwa bado linang'aa, basi hana muda mrefu tangu arudi majini.

Niliwahi kuonyeshwa mfereji kama huo hatua chache tu kutoka kwenye mawe ambayo akina mama walikuwa wakifulia. Walikuwa wanaujua kwa siku kadhaa. Mama mmoja akaniambia kwa utulivu kabisa, "Huyo ni wa hapa hapa kwetu, hajawahi kumgusa mtu." Kauli hiyo sisi watu wa uhifadhi tunaisikia Rufiji, tunaisikia Kilombero na Ruvuma, tunaisikia Rukwa na kandokando ya Ziwa Victoria. Ndiyo inayonitisha kuliko mamba mwenyewe.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Vijana wengi wameona video za aligeta kwenye simu na wanauliza kama ndiye tuliye naye. Hapana. Aligeta wako wa aina mbili tu duniani, mmoja kusini mashariki mwa Marekani na mwingine China, na hakuna anayeishi porini Afrika. Aligeta akifunga mdomo, meno ya taya la chini hayaonekani. Wetu akifunga mdomo, jino la nne la chini linabaki nje, limesimama pembeni ya pua. Wetu ni mamba wa Mto Nile, ambaye licha ya jina hilo ameenea karibu katika mito na maziwa yetu yote makubwa. Dume aliyekomaa hufikia mita nne na zaidi, na uzito wa kilo mia kadhaa. Ziwa Tanganyika lina pia mamba mwembamba wa pua ndefu, mla samaki, ambaye siku hizi ni adimu sana.

Sasa tuje kwenye uwindaji wake, maana hapo ndipo uhai wa mtu unapookolewa au kupotea.

Mamba hafukuzi mawindo. Anasubiri. Macho, pua na masikio vimepangwa juu ya kichwa, kwa hiyo anazamisha mwili mzima na kubakiza vinundu vichache ambavyo kwa mbali vinafanana na gogo linaloelea. Ukipata nafasi ya kumwangalia mamba aliyekufa, tazama ngozi ya mataya yake: imejaa vidoa vyeusi vidogo kama vichwa vya pini. Kwa vidoa hivyo anahisi mtikisiko wa maji. Ndoo inapogonga maji, au mtoto anapochezesha miguu, vile viwimbi vinavyosambaa vinamfikia hata gizani, naye anajua vimetoka upande gani. Huzama, akaja chini kwa chini bila kutibua maji, akaibukia pale pale ulipo. Kooni ana kifuniko cha nyama kinachozuia maji yasiingie, ndiyo maana anaweza kupanua mdomo akiwa amezama. Na akitulia hukaa chini zaidi ya nusu saa. Kuyatazama maji kwa dakika mbili ukayaona shwari hakukuhakikishii chochote.

Jambo la pili ni njaa yake. Mwili wa mamba hautumii chakula kutengeneza joto kama wetu. Joto anaota juani. Mlo mmoja mkubwa unaweza kumtosha kwa wiki nyingi. Kwa hiyo mamba mnayemwona kila siku na hafanyi kitu huenda ameshiba tu. Wakati huo huo anaona. Anaona kwamba watu hushuka mahali hapo hapo, saa ile ile, wakiinama kwa namna ile ile. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na kwenye kivuko mazoea ni ya pande mbili: wewe unamzoea yeye, naye anakuzoea wewe.

Ndiyo maana wanaoshambuliwa wengi ni watu wa shughuli za kawaida kabisa: anayeteka maji, anayefua, anayeoga, mtoto anayeogelea, mvuvi aliyeingia majini hadi kiunoni kuvuta nyavu. Aliyekaa mita kadhaa kutoka ukingoni hayumo kwenye hatari ile ile. Basi kama kuna jambo moja la kushika, ni kutoupa ukingo mwili wako. Chota kwa ndoo ya kamba au kata iliyofungwa kwenye mti mrefu, ukiwa umesimama juu. Beba maji, ukafulie na kuogea mbali. Msishuke mmoja mmoja, na msishuke giza likiwa limeingia. Mialoni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, matumbo ya samaki yafukiwe. Yakitupwa pale pale ukingoni mnakuwa mnamlisha mamba na kumfundisha kuwa watu wana chakula.

Dawa ya kudumu kwa kijiji ni kizimba: uzio imara wa nguzo na wavu wa chuma unaoingia majini na kuzunguka sehemu ya kuchotea, mamba asipate pa kupita. Vipo kwenye baadhi ya vijiji vya Ziwa Victoria. Lakini kizimba kinataka mwenyewe. Tundu moja lililoachwa bila kuzibwa ni baya kuliko kutokuwa na kizimba, kwa sababu watu wanaingia wakiwa wameondoa wasiwasi.

Kuna msimu wa kuongeza uangalifu. Kiangazi jike hutoka, akachimba mchanga na kutaga mayai kati ya 25 na 80 hivi, akayafukia. Mchanga ukiwa na joto la karibu nyuzi 32 hadi 34 hutoka madume wengi. Ukiwa na joto pungufu hutoka majike. Kwa miezi mitatu hivi mama haendi mbali, maana kenge na nguchiro wanayawinda mayai hayo. Watoto wakikaribia kutoka hulia wangali ndani ya mayai, sauti nyembamba inayosikika kutoka chini ya mchanga, naye hufukua na kuwabeba kwa mdomo ule ule tunaouogopa, taratibu, hadi majini. Ni jambo la kupendeza mno. Lakini ukisikia sauti hiyo, ondoka; mama hayuko mbali.

Pia mvua kubwa zikija, mamba husogea. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda yakafunika fukwe na mashamba, na maji yanapofika, mamba naye anaweza kufika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Watu huiona kama sheria ya kuwanyima bustani, ila mita hizo ni nafasi kati ya mtoto wako na mamba pia.

Wako wanaoamini kuwa mamba aliyeua ametumwa na mtu. Sibezi msiba wa mtu yeyote. Nasema tu kwamba mahali ambapo lawama imemwendea bibi kizee wa jirani, kivuko hubaki vile vile, na mamba yule yule hubaki majini.

Akikushika, pigana. Mbonyeze macho kwa nguvu zote, na mkono ukiwa tayari uko mdomoni, sukuma kile kifuniko cha kooni. Walio karibu wapige kelele na kumvuta mtu bila kuingia majini. Akinusurika, kandamizeni jeraha kwa kitambaa safi na kumkimbiza hospitali hata kama ni tundu moja la jino: mdomo wa mamba una vijidudu vinavyoozesha nyama haraka, na kuna pepopunda.

Baada ya hapo toeni taarifa kwa serikali ya kijiji na ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Kanuni zinaruhusu kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa na kwa familia ya aliyefariki, lakini bila taarifa na cheti cha daktari dai halisogei. Na msisubiri damu. Mfereji kwenye tope, mbuzi aliyepotea ukingoni, wavu uliochanwa: andikeni tarehe, saa na mahali. Kwa maandishi hayo ndipo tunapojua kivuko kipi kijengewe kizimba kwanza.